"Sielewi": kisa cha Lee dhidi ya Marekani, na jinsi kukiri kosa kunavyoweza kutenguliwa

Mwaka 2009, katika mahakama ya shirikisho mjini Memphis, jimbo la Tennessee, jaji alikuwa akimhoji mshitakiwa aliyefika kukiri kosa. Mahojiano ya aina hii ni ya kila siku. Je, umesoma hati ya mashitaka? Je, unajua kwamba ukikiri hutapata tena kesi ya kusikilizwa? Je, kuna mtu amekulazimisha? Majibu nayo ni ya kila siku: ndiyo, ndiyo, hapana. Kisha jaji akafika kwenye suala la uraia. Akamwambia mshitakiwa kwamba kutiwa hatiani kunaweza kusababisha afukuzwe nchini, akamuuliza kama jambo hilo linaathiri kwa namna yoyote uamuzi wake wa kukiri au kutokukiri.

Mshitakiwa akajibu: "Ndiyo, Mheshimiwa."

Jaji akauliza linaathiri vipi. Mshitakiwa akasema: "Sielewi." Akamgeukia wakili wake. Wakili akamwambia kwamba hilo ni onyo la kawaida tu. Basi mshitakiwa akaendelea, akakiri.

Nimeyasoma maelezo haya mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye lile geuko la shingo. Mtu amesema wazi, mbele ya jaji, kwamba habari ya kufukuzwa inamgusa. Ameulizwa inamgusaje, akashindwa kuunganisha anachokisikia kwa jaji na alichohakikishiwa na wakili wake. Akamtazama mtu pekee aliyemwamini mle ndani. Mtu huyo akamtuliza kwa maneno mawili matatu, na maneno hayo hayakuwa kweli.

Mshitakiwa huyo ni Jae Lee, na kesi yake, Lee dhidi ya Marekani, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 23 Juni 2017. Naichambua hapa kwa kirefu kwa sababu inajibu swali ambalo watu wengi hulileta wakiwa wamechelewa: nimeshakiri, nimeshahukumiwa, je, naweza kurudi nyuma?

Lee aliingia Marekani mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 13, pamoja na wazazi wake, wakitokea Korea Kusini. Hakurudi huko tena. Alianza maisha New York, baadaye akahamia Memphis, akafanya kazi kwenye mikahawa ya watu mpaka akaweza kufungua wa kwake, kisha wa pili. Wazazi wake walichukua uraia wa Marekani. Yeye hakuchukua. Alibaki mkaazi wa kudumu, mwenye kadi ya kijani, kama maelfu ya watu wanaoishi, kulipa kodi na kuzeeka katika nchi hiyo wakiamini kwamba kadi ile na uraia vinalingana, kwa sababu katika maisha ya kawaida huoni tofauti. Tofauti huonekana siku polisi wanapogonga mlango.

Waligonga mwaka 2008. Mtoa taarifa wa siri aliwaambia maofisa wa shirikisho kwamba katika kipindi cha miaka minane Lee alimuuzia takribani vidonge 200 vya ekstasi, dawa ya kulevya, na wakia mbili za bangi. Walipopekua nyumba walikuta vidonge 88 vya ekstasi, vidonge vitatu vya Valium, dola 32,432 taslimu na bunduki yenye risasi. Lee alikubali kwamba dawa ni zake na kwamba huwapa marafiki ekstasi. Tuseme ukweli mapema: ushahidi ulikuwa mzito, na yeye mwenyewe alikuwa ameuongezea uzito kwa kinywa chake. Asomaye kisa hiki akitafuta mtu asiye na hatia hatampata. Uzito wa kisa uko hapo hapo, kwamba haki ya kukiri kwa kujua unachokikiri si ya wasio na hatia peke yao.

Alishitakiwa kwa kosa moja, kumiliki ekstasi kwa nia ya kuisambaza. Akaajiri wakili. Wakili akamwambia kwamba kuipeleka kesi mbele ya jopo la raia, wale wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, ni hatari kubwa, na kwamba akikiri atapata kifungo chepesi zaidi. Ushauri huo, kwa upande wa kifungo, ulikuwa sahihi. Lakini Lee alimweleza wakili kwamba yeye si raia, akamuuliza tena na tena: nikikiri, nitafukuzwa nchini? Wakili akamhakikishia kwamba hatafukuzwa.

Hilo lilikuwa kosa, tena si kosa la jambo lililojificha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaliweka kosa la kusambaza dawa za kulevya katika kundi la makosa ambayo, kwa mtu asiye raia, huleta kufukuzwa kwa lazima. Miaka uliyokaa nchini, biashara zako na wazazi wako wazee haviingii kwenye hesabu hiyo. Ukishatiwa hatiani kwa kosa la kundi hilo, anayekuja kukutetea mbele ya jaji wa uhamiaji hana karibu chochote cha kushika.

Lee alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Na hapa kuna jambo dogo ambalo halitoki akilini mwangu. Mahakama ilimruhusu asianze kifungo kwa miezi miwili ili asimamie mkahawa wake katika msimu wa sikukuu, wakati wateja ni wengi. Tazama picha hiyo. Mtu anapewa muda wa kuweka biashara yake sawa, kwa mawazo kwamba atakwenda, atatumikia mwaka, atarudi kwenye jiko lake. Nionavyo, hakuna kitu katika kesi nzima kinachoonyesha vizuri zaidi kile ambacho Lee aliamini amekubali. Aliamini amekubali mwaka mmoja. Kumbe alikuwa ametia saini kuondoka maisha yake yote.

Alipogundua, alitaka kukiri kwake kutenguliwe. Na hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa hiyo nieleze milango ilivyo.

Katika kesi za jinai za mahakama za shirikisho za Marekani, jambo hili linaongozwa na Kanuni ya 11 ya mwenendo wa mashitaka ya jinai. Kabla jaji hajapokea kukiri kwako, unaweza kubadili jibu kwa sababu yoyote au bila sababu. Baada ya jaji kupokea kukiri kwako, lakini adhabu haijatolewa, unaweza bado kuomba, ila sasa uonyeshe sababu ya haki na ya msingi. Adhabu ikishatoka, mahakama iliyokuhukumu haina tena mamlaka ya kukuruhusu ubadili jibu kwa ombi la kawaida. Unabaki na rufani, ambayo taarifa yake huwasilishwa ndani ya siku 14, au ombi maalumu la kushambulia hukumu yenyewe.

Hatua ya katikati watu huidhani nyepesi. Mwaka 1997, katika kesi ya Marekani dhidi ya Hyde, mshitakiwa alikiri, jaji akapokea kukiri kwake, lakini akaahirisha uamuzi juu ya makubaliano aliyofikia na waendesha mashitaka. Mwezi mmoja baadaye mshitakiwa akataka kujitoa, akisema alibanwa. Mahakama ya chini haikuona ushahidi wa kubanwa, na Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba maadamu kukiri kumepokelewa, sababu lazima ionyeshwe, hata kama makubaliano yenyewe bado hayajapitishwa. Kukiri mbele ya jaji, baada ya kuulizwa maswali yote yale, si jambo la kujaribia.

Mahakama za eneo la Memphis, zilizo chini ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 6, hupima sababu hiyo kwa kuangalia mambo kadhaa: umepita muda gani tangu ukiri, kwa nini hukusema mapema, je, umekuwa ukisisitiza kwamba hukutenda kosa, mazingira ya kukiri yalikuwaje, wewe ni mtu wa elimu na uzoefu gani na mahakama, na upande wa mashitaka utaumia kiasi gani ukirudi nyuma. Katika haya, muda ndio unaoangusha wengi. Anayebadili nia kesho yake husikika kama mtu aliyekurupushwa. Anayebadili nia baada ya miezi mitano, alipoona ripoti ya adhabu imekuja nzito, husikika kama mtu aliyebahatisha akakosa. Kwa hiyo ukihisi jambo haliko sawa, mwambie wakili wako wiki hiyo hiyo, na ikibidi mwombe jaji wakili mwingine.

Lee milango hiyo yote ilikuwa imeshampita. Alikuwa mfungwa mwenye hukumu kamili. Akabaki na ule wa mwisho, ombi chini ya kifungu cha 2255 cha sheria ya taratibu za mahakama za shirikisho, ambacho humruhusu mfungwa kurudi kwenye mahakama iliyomhukumu na kudai kwamba hukumu yake imekiuka Katiba. Muda wake ni mwaka mmoja, kwa kawaida kuanzia siku hukumu inapokuwa ya mwisho. Hoja yake ilikuwa kwamba alinyimwa msaada wa kweli wa wakili, haki anayopewa na Marekebisho ya 6 ya Katiba.

Anayedai hivyo lazima athibitishe mambo mawili, tangu uamuzi wa Strickland dhidi ya Washington wa mwaka 1984: kwamba wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kwamba uzembe huo ulimdhuru. Mwaka 1985, katika Hill dhidi ya Lockhart, kipimo hicho kikapelekwa kwenye kesi za waliokiri. Huko, madhara maana yake ni uwezekano wa kuridhisha kwamba, kama si kosa la wakili, mshitakiwa asingekiri bali angesisitiza kesi isikilizwe.

Jambo la kwanza halikumsumbua Lee. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. Padilla alizaliwa Honduras, alikuwa mkaazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40 na aliitumikia Marekani katika vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asihofu habari za uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Mahakama ikasema wakili wa mtu asiye raia ana wajibu wa kumweleza kama kukiri kutamweka katika hatari ya kufukuzwa, na pale sheria inapokuwa wazi, ushauri nao uwe wazi. Katika kesi ya Lee serikali yenyewe ilikubali kwamba wakili alikosea.

Ugomvi wote ukawa kwenye jambo la pili. Serikali ilisema: sawa, alidanganyika, lakini amedhurika nini? Vidonge vilikutwa nyumbani kwake, alikiri kwa maofisa, mtoa taarifa yupo. Angeenda kwenye kesi angeshindwa, angefungwa muda mrefu zaidi, na mwisho wake angefukuzwa vile vile.

Kulifanyika kikao cha kusikiliza ushahidi. Lee alieleza kwamba suala la kufukuzwa ndilo lililoamua kila kitu. Kisha wakili wake wa zamani akaeleza hivyo hivyo. Alisema utetezi wa Lee ulikuwa dhaifu, lakini kama angejua kwamba kukiri kutamfukuzisha mteja wake, angemshauri aende kwenye kesi. Naomba nisimame hapo kidogo. Si rahisi kwa mwanasheria kusimama hadharani akasema, mimi ndiye niliyekosea na huyu anaumia kwa sababu yangu. Kuna wanaosahau ghafla, kuna wanaosema "nadhani nilimwambia". Huyu alisema. Siwezi kuusifu ushauri wake wa mwanzo, lakini uaminifu wake wa baadaye ulikuwa nguzo ya kesi nzima.

Jaji msaidizi aliyesikiliza ushahidi huo alipendekeza kukiri kutenguliwe. Jaji wa Wilaya akakataa: wakili alikosea, lakini ushahidi ni mzito mno, kwa hiyo hakuna madhara. Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono mwaka 2016. Kwa fikra zao, mtu asiye na utetezi wa maana hawezi kusema kwamba alipoteza chochote kwa kutokwenda kwenye kesi.

Mahakama ya Juu ikapindua, kwa kura 6 dhidi ya 2. Jaji Neil Gorsuch, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia, hakushiriki. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu John Roberts.

Hoja yake inaanzia mahali ambapo mahakama za chini hazikuangalia. Wakili anapokosea ndani ya kesi, kwa mfano akiacha kumwita shahidi, tunauliza kama matokeo ya kesi yangekuwa tofauti. Lakini wakili anapomfanya mteja asiwe na kesi kabisa, swali si kama angeshinda. Swali ni kama angechagua kuwa na kesi. Ni kweli kwamba mara nyingi mtu asiye na nafasi ya kushinda hachagui kesi, na hukumu inakubali kwamba asiyekuwa na matumaini huwa na kazi ngumu kuthibitisha kwamba asingekiri. Ila uamuzi wa mtu haupimwi kwa nafasi ya kushinda peke yake. Unapimwa pia kwa kile anachopoteza kila upande. Jaji Mkuu alitoa mfano: mtu asiye na utetezi wowote, anayekabiliwa na miaka 20 akishindwa, anaweza kuchagua kesi kama upande wa mashitaka unampa miaka 18. Tofauti ni ndogo, kwa nini asijaribu?

Kwa Lee, akikiri, kufukuzwa ni hakika. Akienda kwenye kesi, kufukuzwa ni karibu hakika. Na kifungo cha ziada ambacho angepata kwa kushindwa kilikuwa kama mwaka mmoja au miwili. Mfa maji haachi kutapatapa. Mtu ambaye nchi yake yote, wazazi wake, mikahawa yake, maisha yake tangu akiwa na miaka 13 viko upande mmoja wa mzani, hawezi kuambiwa kwamba ni upumbavu kuhatarisha miaka miwili ya jela kwa tundu la sindano la matumaini. Mahakama haikusema kila mtu angechagua hivyo. Ilisema tu kwamba kuchagua hivyo kusingekuwa kukosa akili.

Naliona hili kuwa ndilo jambo kubwa la hukumu hii, na naliunga mkono kwa moyo wote. Mahakama za chini zilipima hasara ya Lee kwa mizani ya mwanasheria: miaka ya kifungo na uwezekano wa kushinda. Mahakama ya Juu ikamwachia Lee apime kwa mizani yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na jaji ambaye hajawahi kuishi kwa ruhusa ya nchi nyingine hawezi kumwekea mshitakiwa kipimo cha nini kikubwa na nini kidogo.

Upande wa pili usidharauliwe. Jaji Clarence Thomas, akiungwa mkono kwa sehemu kubwa na Jaji Samuel Alito, alisema madhara yanapaswa kumaanisha matokeo tofauti, na mtu aliyekuwa ashindwe hana matokeo tofauti ya kuonyesha. Pia alionya juu ya utulivu wa hukumu. Hofu hiyo ina mantiki. Mahakama ya Juu yenyewe, mwaka 2012, ilieleza kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika zile za majimbo, hutokana na watu kukiri. Kama kila aliyekiri angeweza baadaye kusema "kama ningejua", na neno lake likatosha, hakuna hukumu ambayo ingetulia. Mashahidi husahau, wengine hufa, vielelezo huharibiwa. Walioumizwa na kosa nao wana haki ya kujua kwamba jambo limekwisha.

Lakini hukumu ya Roberts haikuufungua mlango huo wazi. Ilisema bayana kwamba kukiri kusitenguliwe kwa sababu tu mshitakiwa, baada ya mambo kumharibikia, anadai asingekiri. Majaji watafute ushahidi wa wakati ule ule, wa siku zile za kukiri, unaoonyesha alichokuwa akikitaka. Hapa ndipo mtu aliye ndani ya kesi leo anapaswa kukaza macho, maana ndipo kesi nyingi zinazofanana na ya Lee hufia.

Lee alikuwa na nini? Alikuwa amemuuliza wakili mara kwa mara, na wakili alikiri kuulizwa. Alikuwa na maisha yanayosema yenyewe: karibu miongo mitatu Marekani wakati anakiri, biashara mbili, wazazi wazee ambao hakuna ndugu mwingine nchini humo wa kuwatunza, na hakuna uhusiano wowote na Korea Kusini. Na alikuwa na lile jibu lake mbele ya jaji.

Wengi hawana hata kimoja cha hivi, si kwa sababu hawakujali, bali kwa sababu waliuliza kwa simu, au kwenye korido wakisubiri kuitwa, na hakuna aliyeandika. Ukiwa mshitakiwa asiye raia, muulize wakili wako kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu: nikikiri kosa hili, hali yangu ya uhamiaji itakuwaje? Utunze jibu. Akikujibu "usijali", mwombe aseme kwa jina la kosa na kifungu cha sheria, au akupeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla hujatia saini. Si kumkosea heshima. Wakili mzuri atafurahi umeuliza, kwa sababu pengine ipo njia ya kukiri kosa jingine, la adhabu ile ile, lisiloleta kufukuzwa kwa lazima. Lee mwenyewe alidai kwamba angetafuta makubaliano ya namna hiyo kama angejua. Mahakama haikuhitaji kuliamua dai hilo, lakini katika kazi ya kila siku ya mawakili ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote, maana humwokoa mtu kabla hajakiri badala ya miaka minane baadaye.

Na kuna jambo la lugha ambalo sisi wa Kiswahili tunalijua kwa ndani. "Ndiyo" yetu mbele ya mkubwa mara nyingi ni ya adabu. Mzee anaongea, unaitika. Ofisa anaeleza, unasema ndiyo, kumaanisha nakusikia, endelea. Mahakamani, "ndiyo" hiyo inaandikwa kuwa ni kukubali. Jaji akiuliza kama umeelewa haki unazoziacha, ukaitika kwa heshima huku umeelewa nusu, karatasi itasema umeelewa zote. Mkalimani naye hawezi kukuokoa. Kazi yake ni kufikisha ulichosema, na ukisema ndiyo, atafikisha ndiyo.

Tangu tarehe 1 Desemba 2013, Kanuni ya 11 inamtaka jaji wa shirikisho amweleze kila anayekiri kwamba, kama si raia, anaweza kuondolewa nchini, kunyimwa uraia na kuzuiwa kuingia siku za usoni. Ni ulinzi, na ninafurahi upo. Lakini sikiliza kitenzi chake: anaweza. Kwa Lee ukweli haukuwa "anaweza", ulikuwa "lazima". Onyo linalosomwa kwa kila mtu, kwa maneno yale yale, masikio hulizoea kama tangazo la kufunga mikanda ndani ya ndege. Kisha, mtu akija baadaye kuomba kukiri kwake kutenguliwe, mahakama nyingi humwambia: ulionywa, ukasema umeelewa, hivyo kosa la wakili lilitibiwa na jaji. Onyo lililowekwa kumlinda linageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Niongeze neno juu ya ushindi wenyewe, kwa kuwa huwa unaeleweka vibaya. Kukiri kukitenguliwa, mtu hajaachiwa huru. Anarudishwa pale alipokuwa asubuhi ya siku ile, kabla hajafungua kinywa. Hati ya mashitaka inasimama upya, vidonge 88 viko pale pale, na makubaliano yaliyompunguzia adhabu yameondoka pamoja na kukiri. Anaweza kwenda kwenye kesi akashindwa na kupata kifungo kirefu kuliko cha kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuomba, jiulize unarudi nyuma ili upate nini. Anayerudi kwa sababu ana jambo moja la thamani kuliko miaka ya jela, kama Lee, ana jibu. Anayerudi kwa hasira ya adhabu peke yake anaweza kujikuta amefungua mlango wa adhabu kubwa zaidi.

Nirudi kwenye dakika ile ya Memphis. Serikali ingeweza kusema kwamba Lee naye alionywa na jaji, basi amekwisha. Mahakama ya Juu iliigusa hoja hiyo katika tanbihi ya hukumu yake: hapa ushauri mbaya wa wakili ulilenga lile onyo lenyewe na kulivunja nguvu, na mshitakiwa alikuwa amesema pale pale, kwenye kumbukumbu, kwamba halielewi.

Kwenye kumbukumbu. Pale mbele ya meza ya jaji kulikuwa na mtu anayeandika kila neno linalotamkwa, na alipoandika jibu lile la Lee hakujua kwamba takribani miaka minane baadaye litasomwa mjini Washington na majaji wa mahakama ya juu kabisa ya nchi. Kama Lee angeona aibu kuonekana hajui, akaitika tu "hapana, Mheshimiwa, haliniathiri", kama wanavyoitika wengi ili shughuli iishe, mwandishi angeandika hilo.

Alisema sielewi.